Wananiita daktari wa simu

Kwa Bi. Mshauri,

Assalamu alaykum. Mimi ni afisa wa kliniki mwenye umri wa miaka 27, na huu ni mwaka wangu wa pili katika kituo cha afya kilichoko kwenye mojawapo ya visiwa vya Kaunti ya Lamu. Naomba nisikitaje kisiwa chenyewe, kwa kuwa huku tunajuana hata kwa kikohozi, na yule ambaye habari yake nitaieleza hastahili kutambuliwa na kila msomaji.

Nikiwa chuoni, mwalimu mmoja alituzoesha kutumia programu za intaneti za utambuzi tofautishi, yaani zile ambazo mhudumu wa afya huziingizia umri, jinsia, dalili na matokeo ya vipimo vya mgonjwa, nazo zikamrudishia orodha ya magonjwa yanayoweza kuwa chanzo cha dalili hizo, kuanzia lile linaloelekea zaidi hadi lile la mbali. Nilizipenda tangu siku hizo, na nilipoletwa huku nilizipenda zaidi, kwa sababu zamu nyingi tunakuwa wawili tu, mimi na muuguzi, na daktari wa kumuuliza yuko ng'ambo ya maji. Mtandao ukikubali na bando likiwepo, nilikuwa naiweka simu mezani karibu na daftari, nikiingiza dalili huku mgonjwa akizungumza. Mara mbili ilinikumbusha ugonjwa ambao nisingeufikiria, na mara zote mbili nilimpa mgonjwa rufaa mapema.

Mwezi uliopita, asubuhi ya Alhamisi, aliletwa mwanamke wa miaka 26 akiwa na mavyaa wake. Mavyaa ndiye aliyezungumza zaidi. Alisema kwamba mkaza mwanawe ana maumivu chini ya kitovu tangu juzi, anakwenda haja ndogo mara kwa mara, na usiku amehisi kizunguzungu. Niliuliza kuhusu homa, kuhara na kutapika. Sikuuliza kuhusu hedhi. Nilitaka kuuliza, lakini mavyaa alikuwa amekaa katikati yetu na alikuwa ameshasema kwamba mwanawe yuko Mombasa kwa kazi, nami nikaona haya kumtajia mwanamke mambo ya mimba mbele ya mama wa mume wake, na mume mwenyewe hayupo. Kijiti cha mkojo kilionyesha damu kidogo na dalili hafifu ya maambukizi. Niliingiza yote hayo kwenye simu. Programu hiyo ina mahali inapouliza kama mgonjwa ni mjamzito, na majibu ni matatu: ndiyo, hapana, haijulikani. Nilibonyeza "hapana".

Orodha iliyokuja ilianza na maambukizi ya njia ya mkojo, yakafuata mawe ya figo, kidole tumbo na mengineyo. Mimba nje ya kizazi, ile inayojishika kwenye mrija wa uzazi na kuweza kuupasua, haikuwemo. Nilimwandikia dawa za mkojo na kumwambia arudi baada ya siku tatu.

Alirudishwa usiku ule ule, saa nne, amebebwa na vijana wanne. Midomo ilikuwa myeupe, viganja vya baridi, mapigo ya moyo 130 kwa dakika, presha 80 kwa 50, na alikuwa akilalamikia bega la kulia, jambo ambalo mchana halikutajwa. Muuguzi alimwinamia na kumnong'oneza swali moja tu, naye akajibu kwamba siku zake zimechelewa wiki tatu. Mumewe alikuwa ameondoka wiki tano zilizopita. Kipimo cha mimba kilionyesha mistari miwili upesi ajabu. Tulimwekea dripu mikono yote miwili na kutafuta boti, na kwa kuwa maji yalikuwa yamepwa, nahodha alikataa kupita Mkanda, ule mfereji mwembamba wa maji, akatuzungusha kwa bahari ya nje. Alifanyiwa upasuaji kabla ya alfajiri. Alhamdulillahi yu hai, ingawa mrija mmoja wa uzazi umeondolewa.

Tangu siku hiyo mavyaa anasema kila aendapo kwamba yule daktari hamwangalii mgonjwa, anaangalia simu. Watoto wa gatini wananiita "daktari wa simu". Msimamizi wangu amepiga marufuku simu zote katika chumba cha matibabu. Nami najiuliza: je, ni programu iliyonipotosha au ni mimi? Niache kabisa kuitumia? Na je, nimwendee yule mwanamke nimweleze ilivyokuwa, au nitakuwa nimejichongea mwenyewe?

Mwanao,
Lamu

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullah, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara jicho langu lilisimama pale pale, kwenye ile "hapana". Umeiandika bila kuificha, na kwa hilo nakuheshimu, maana wengi wangeniambia tu kwamba programu haikuitaja mimba nje ya kizazi, wakaniacha niwahurumie. Haikuitaja kwa sababu uliikataza. Uliipa kama jambo lililothibitishwa kitu ambacho hukukiuliza, nayo haina njia ya kujua kwamba jibu lile lilitoka kwenye haya yako na halikutoka kinywani mwa mgonjwa. Lile jibu la "haijulikani" liliwekwa kwa ajili ya asubuhi kama ile yako, na nadhani kidole chako kingelikwenda huko, ungelazimika kujiuliza ni kwa nini hujui.

Basi kosa lilitangulia simu. Hata kama siku hiyo bando lingekuwa limekwisha, bado ungemwandikia dawa za mkojo. Sikuambii hivi ili kukuongezea uchungu. Nakuambia kwa sababu ukidhani kwamba kosa lilikuwa ndani ya simu, utaifungia simu kabatini na kosa utabaki nalo mfukoni.

Pengine hujui kwamba zana hizi zina asili inayogusa kisa chako moja kwa moja. Mwaka 1972, huko Leeds nchini Uingereza, daktari mpasuaji F. T. de Dombal na wenzake walichapisha matokeo ya kompyuta waliyoiandaa ili kutambua chanzo cha maumivu makali ya tumbo. Kati ya wagonjwa 304, kompyuta ilipatia kwa asilimia 91.8, ilhali daktari mwandamizi zaidi katika timu alipatia kwa asilimia 79.6. Watu wakaishangilia mashine. Mimi kilichonivutia siku zote ni karatasi iliyoitangulia. Ili kompyuta ifanye hesabu yake, kila mgonjwa alipaswa kuulizwa maswali yale yale, kwa maneno yaliyokwisha kufafanuliwa: maumivu yalianzia wapi, yako wapi sasa, yanaongezwa na nini, yanapunguzwa na nini, na kadhalika hadi mwisho wa fomu, bila kuruka. Na jambo ambalo halisimuliwi sana ni kwamba katika kipindi hicho madaktari wenyewe walizidi kupatia, hata bila kungoja mashine iseme, na kompyuta ilipoondolewa ubora wao ukaanza kurudi nyuma. Fomu ilikuwa inawauliza kile ambacho wao, kwa haraka au kwa mazoea, wangekiruka. Fomu haioni haya mbele ya mavyaa.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu intaneti hata kidogo. Chukua karatasi moja, uandike kwa mkono maswali kumi na mawili hivi ya mgonjwa wa tumbo, uibandike ukutani mbele ya macho yako. Swali la hedhi ya mwisho liwe la tatu au la nne, lisiwe la mwisho. Chini yake uandike kwa kalamu nyekundu kwamba kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa na mwenye maumivu ya tumbo, kizunguzungu au kuzimia hupimwa mimba kwa mkojo kabla hajaandikiwa chochote, awe ameolewa au hajaolewa, awe na mume Mombasa au mume aliyeketi naye. Ikiwa kanuni ni ya kila mtu, hakuna anayeshukiwa. Unamwambia mavyaa, "Mama, hiki ni kipimo cha kila mwanamke anayekuja na tumbo," na kijiti kingine kinaingia katika mkojo ule ule ambao mgonjwa amekwisha kuutoa.

Kuhusu mavyaa mwenyewe, najua ugumu wake, kwani nimefanya kazi Lamu na Malindi kwa zaidi ya miaka thelathini na nimefukuza mavyaa wengi kutoka chumbani kwa maneno matamu. Wewe ni kijana mwanamume, na hutaweza kukaa faragha na mwanamke wa watu. Lakini muuguzi wako anaweza. Mwachie yeye ampeleke mgonjwa nyuma ya pazia "kumpima uzito", amuulize huko, kisha akuandikie jibu kwenye kijikaratasi. Angalia kwamba usiku ule swali moja la kunong'ona lilifanya kazi ambayo orodha ya programu ilishindwa kuifanya tangu asubuhi. Mtu wa kuuliza alikuwepo kituoni siku nzima.

Sasa nije kwenye programu, kwa sababu sitaki uiache.

Nakumbuka niliposikia mara ya kwanza kisa cha Isabel, mtoto wa Kiingereza ambaye mwaka 1999, akiwa na miaka mitatu, aliugua tetekuwanga. Madaktari waliomwona walitulia kwenye tetekuwanga, ambayo kweli alikuwa nayo, na hawakuona kwa wakati kwamba juu yake yameingia maambukizi makali yanayokula nyama na sumu iliyosambaa mwilini. Alinusurika kwa taabu. Baba yake, Jason Maude, pamoja na Joseph Britto, mmoja wa madaktari waliomtibu katika chumba cha wagonjwa mahututi, wakaanzisha zana ya utambuzi iliyopewa jina la mtoto huyo. Wale madaktari wa mwanzo hawakukosa elimu. Walikosa mtu wa kuwaambia, "Na kama si hilo pekee?" Hiyo ndiyo kazi halali ya zana hizi. Mwaka 2005 Mark Graber na wenzake wa Marekani walichunguza visa 100 vya makosa ya utambuzi, na miongoni mwa makosa ya kufikiri waliyoyakuta, lililojirudia zaidi lilikuwa lile la kuacha kutafuta mara tu jibu la kwanza linapoonekana kutosha.

Wewe uliitumia zana yako kinyume. Ulikuwa ukiingiza dalili wakati mgonjwa bado anazungumza, kwa hiyo orodha ya simu ikawa ya kwanza na ya pekee, na wewe hukuwa na yako ya kuipambanisha nayo. Mimi naomba ufuate mpangilio huu: maliza kuuliza na kumpima mgonjwa kwa mikono yako, kisha, kwenye ukingo wa faili, andika mambo matatu, yaani ugonjwa unaoelekea zaidi, ugonjwa ambao huna ruhusa ya kuukosa hata kama hauelekei, na dalili ambayo haikubaliani na wazo lako. Jambo hilo la tatu ndilo la thamani. Katika kisa chako lingekuwa kizunguzungu. Maambukizi ya kawaida ya mkojo humchoma mtu na kumkimbiza chooni, lakini mwanamke kijana asiye na homa hayumbi usiku kwa sababu yake. Na ile damu kidogo kwenye kijiti, ambayo wewe na programu mliihesabu kuwa ya mkojo, huenda kabisa ilikuwa matone yatokayo ukeni ambayo hakuna aliyemuuliza. Baada ya kuandika hayo, ndipo uifungue simu, uitafute dalili isiyokubaliana, usome orodha hadi chini, hasa ile alama nyekundu ya magonjwa ya hatari ambayo programu nyingi huiweka, na uulize ni lipi kati ya hayo ambalo hukuliandika na kwa nini hukuliandika.

Nimeulizwa pia na vijana wengine kuhusu akili unde, hizi programu unazoziandikia kama unavyozungumza na mtu. Mwaka 2024 nchini Marekani madaktari 50 walipewa visa vya kuvitatua, nusu yao wakiwa na GPT-4 pamoja na vyanzo vyao vya kawaida na nusu wakiwa na vyanzo vya kawaida peke yake. Waliokuwa na akili unde walipata asilimia 76, wasiokuwa nayo 74, tofauti isiyo na uzito wowote. Lakini programu ilipoachiwa visa peke yake ilipata takriban asilimia 92. Wapo wanaosoma hapo kwamba daktari amekuwa kikwazo. Mimi nasoma mambo mawili. La kwanza ni kwamba kuwa na zana mkononi hakumfanyi mtu aachane na wazo lake la kwanza. La pili ni kwamba visa vile viliandikwa na mtu aliyekwisha kuuliza kila kitu: tarehe ya hedhi imo, bega limo, presha imo. Katika kisa cha karatasini mavyaa ameshatolewa chumbani na mwandishi. Kisiwani kwako mtu wa kumtoa ni wewe, na mpaka umtoe, asilimia 92 hiyo haikuhusu.

Nilifurahi zaidi kusoma habari ya Nairobi mwaka 2025, ambako kliniki 15 za Penda Health zilitumia zana ya akili unde, iliyoandaliwa kwa ushirikiano na OpenAI, kampuni iliyounda GPT-4, katika utafiti uliojumuisha ziara 39,849 za wagonjwa. Walioitumia walikuwa maafisa wa kliniki kama wewe. Zana ilikaa kimya nyuma ya faili, ikisoma walichokwisha kuandika, na kuwasha kijani, njano au nyekundu, huku uamuzi ukibaki kwa mhudumu. Makosa ya utambuzi yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13. Taarifa ilitolewa na wenye zana wenyewe, kwa hiyo mimi naipokea kwa mkono mmoja. Hata hivyo mpangilio wake ni ule ule ninaokuhimiza, yaani mtu anaandika kwanza, mashine inakagua baadaye.

Liko jambo jingine ambalo programu hazilijui vizuri, nalo ni mahali ulipokaa. Mfumo ule wa Leeds ulipojaribiwa Copenhagen usahihi wake ulishuka, ingawa tumbo la Mdenmaki halina tofauti na la Mwingereza, kwa kuwa hesabu zake zilitokana na wagonjwa wa kwao. Sisi wa Lamu tunalielewa hilo bila hesabu. Nilikuwa kazini huko mwaka 2004. Ulikuwa mwaka wa ukame, watu wakihifadhi maji katika mapipa na mitungi isiyofunikwa, na mbu wa mchana wakazaliana humo. Walianza kuja watu wenye homa na maungo yasiyogusika. Wazee wakawa wanasali wakiwa wamekaa kwa sababu hawawezi kurukuu. Tuliwapa dawa za malaria. Wakapona homa na viungo vikabaki. Ilipofika Julai wagonjwa walikuwa wamefurika, na maabara zilipothibitisha kwamba ni chikungunya, jina lenyewe, lililotoka kwa Wamakonde kusini mwa Tanganyika ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1952, wengi wetu tulikuwa hatujawahi kulitamka. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba asilimia 75 hivi ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Zana yoyote ya wakati huo ingeuweka ugonjwa huo mkiani mwa orodha, na ingekuwa sahihi kwa miaka yote isipokuwa ule mmoja. Aliyeweza kujua ni yule aliyeliangalia daftari la wagonjwa la wiki nzima akaona kwamba malaria ya mwaka huu inapinda magoti.

Vivyo hivyo kwa kipimo cha haraka cha malaria. Programu utakayoiambia kwamba kipimo ni chanya itaipandisha malaria kileleni. Haitajua, usipoiambia, kwamba mgonjwa alimeza dawa wiki mbili zilizopita, na kwamba vile vipimo vinavyotafuta HRP2, protini itolewayo na vimelea vya malaria, huendelea kuonyesha chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Wala sidhani kwamba itakuuliza kama waliotapika na kuungua midomo na koo walikula nyama ya kasa. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, watu tisa walikufa baada ya kula kasa, wanane kati yao wakiwa watoto, na 78 wakafikishwa hospitalini. Mbajuni yeyote mwenye mvi angeuliza swali hilo kabla ya kukaa.

Msimamizi wako usimlaumu. Aliye mlangoni hawezi kutofautisha mhudumu anayetafuta ugonjwa na mhudumu anayejibu jumbe za arusi, na mgonjwa naye hawezi. Nenda kwake na pendekezo lililoandikwa, usiende na malalamiko: kwamba kitumike kifaa kimoja cha kituo, kisicho na laini ya mtu wala jumbe, kikae mezani ambapo kila mtu anakiona, kwamba kifunguliwe baada ya mgonjwa kupimwa, tena pale tu panapokuwa na shaka, na kwamba faili ionyeshe mawazo ya mhudumu kabla ya zana na kilichoongezwa baada yake, ili wewe na yeye muweze kuipitia kila mwezi. Akikataa, ile karatasi ya ukutani haihitaji kibali cha simu.

Mgonjwa naye aambiwe. Sisi wa zamani tulikuwa tukitoka nje kwa kisingizio cha kunawa mikono, kumbe tunakwenda kufungua kitabu. Sikushauri uige. Mgeuzie mgonjwa meza, umwambie, "Nimeshakupima, na nafikiri ni jambo fulani; sasa nahakikisha kwamba sijasahau lolote la hatari." Kwa uzoefu wangu hakuna aliyewahi kuondoka kwa sababu ya maneno hayo. Kilichomuudhi yule mama ni kwamba ulikuwa ukiandika kwenye kioo wakati yeye anasema, na kwa hilo, mwanangu, yule mama ana haki.

Usiingize jina la mgonjwa, namba ya kitambulisho, simu wala picha ya uso katika programu yoyote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na katika kisiwa cha watu wachache "mwanamke wa miaka 26, mume yuko Mombasa" ni sawa na kumtaja kwa jina la baba yake. Nimebadilisha mambo mawili katika barua yako kabla ya kuichapisha kwa sababu hiyo hiyo.

Limebaki swali lako la mwisho, ambalo naona ndilo lililokunyima usingizi. Ndiyo, mwendee. Kwanza mwandikie msimamizi wako taarifa kamili ya kilichotokea, pamoja na ile "hapana", ili asiisikie kwanza gatini. Kisha nenda na muuguzi, saa ambayo mgonjwa atakuwa tayari, na uzungumze naye yeye. Habari ya mimba yake ni yake na ya mumewe, na mavyaa ataambiwa kile ambacho mwenyewe atataka aambiwe. Usimwambie kwamba simu ilikosea. Mwambie kwamba kulikuwa na swali ulilopaswa kumuuliza asubuhi na hukumuuliza, na kwamba unamwomba radhi. Kisha nyamaza, umwachie nafasi ya kusema chochote atakachosema, hata kama kitakuchoma.

Na usiende mikono mitupu, kwa maana ana haja ya kujua mambo ambayo huenda hospitalini hakuna aliyepata wasaa wa kumweleza. Soma barua yake ya kuruhusiwa uone kundi lake la damu, na kama ni hasi, yaani Rh hasi, uulize kama alipewa sindano ya anti-D inayohitajika baada ya upasuaji ule ili kulinda mimba zijazo. Mweleze kwamba mrija mmoja uliobaki unaweza kumpa watoto, lakini aliyewahi kupata mimba nje ya kizazi yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuipata tena, takriban mtu 1 kati ya 10. Kwa hiyo siku zake zikichelewa hata kwa wiki moja asingoje tumbo liume: aje apimwe, na apelekwe kwa ultrasaundi katika wiki ya 6 au ya 7, mchana, maji yakiwa yamejaa. Mwandikie namba ya kituo kwenye karatasi, na umwoneshe kwamba muuguzi ndiye atakayeipokea simu hiyo.